Tupeane uzoefu: umewahi kuhama kampuni ya umeme hapa Goma, na ni nani aliyekulinda?

Mwalimu wa Himbi
Ndugu zangu, tangu sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilipofungua sekta ya umeme nchini Kongo, mji wetu umekuwa miongoni mwa miji michache ambamo mwenye nyumba anaweza kuulizwa anataka umeme wa nani. Kuna SNEL, kampuni ya serikali, na umeme wa mto Ruzizi, kuna Virunga Energies na umeme wa Matebe, kituo cha megawati 13 hivi kilichozinduliwa mwaka 2015, kuna SOCODEE, msambazaji mwingine wa umeme, na kuna Nuru yenye mitambo ya jua ya megawati 1.3. Si kila avenyu inapitiwa na nyaya zao wote, lakini wengi wetu tumekwisha kuhama angalau mara moja. Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata. Majina ya kampuni tuyaache pembeni, tuseme tu "ya zamani" na "mpya", maana nia yangu ni kujua haki zetu na wala si kugombana.

Naanza mwenyewe. Kwa miaka mingi nyumba yangu haikuwa na kompteri, yaani mita ya umeme. Nililipa forfe, yaani kiasi kilekile kila mwezi, umeme uwepo usiwepo. Kampuni mpya ilipofika nilijiandikisha, nikawekewa kompteri ya kulipia kabla, nikafurahi, na ile ya zamani nikaisahau. Haikunisahau. Baada ya miezi 14 aliletwa kijana mwenye bahasha, na ndani yake mlikuwa na ankara ya miezi yote 14, ingawa waya wao ulikuwa umekatika nguzoni na hakuna aliyekuja kuuunganisha. Niliambiwa kwamba mkataba haufi kwa sababu waya umekatika, bali unakufa kwa barua. Mimi sikuwa na barua.

Mpangaji wa Ndosho
Pole, Mwalimu. Yangu yanahusu sisi tusio na parseli, yaani kiwanja chetu wenyewe. Nililipa gharama ya kuunganishwa kwa kampuni mpya kutoka mfukoni mwangu, kwa makubaliano ya mdomo kwamba mwenye nyumba angeipunguza katika kodi. Mkataba uliandikwa kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye karatasi za parseli. Mwaka uliofuata alitaka nyumba yake. Kompteri ilibaki, gharama niliyolipa ilibaki, na hata yuniti nilizokuwa nimenunua siku mbili kabla ya kuondoka zilibaki humo. Niliuliza ofisini kama zinaweza kuhamishiwa kwenye kompteri ya nyumba ninayohamia, nikajibiwa kwamba yuniti zikishaingizwa hazitoki. Aliyekuja kupanga baada yangu alianza maisha kwa umeme wangu, na hata asante sikupata.

Fundi wa Katindo
Naomba wote msome jambo hili polepole, kwa kuwa lina hatari kuliko ankara. Mtu anapohamia kampuni mpya mara nyingi haondoi ya zamani, bali huweka zote mbili, ili moja ikikatika nyingine isaidie. Hakuna ubaya, mradi pawe na inversere, ile swichi kubwa inayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Wengi hukwepa gharama hiyo na kumwita jirani aunganishe nyaya mbili katika kisanduku kimoja. Umeme wa kampuni moja ukikatika, ule wa nyingine hupita katika nyaya za nyumba yako na kurudi kwenye nguzo, ambako mafundi wamepanda wakiamini kwamba hakuna kitu. Nimewahi kufika mahali ambapo kijana wa laini alirushwa kutoka kwenye ngazi. Alipona, mkono wake haukupona.

Ninachodai ni hiki: kampuni mpya isiwashe kabla fundi wake hajakagua kisanduku na waya wa ardhini, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na aache karatasi yenye sahihi yake. Katika nyumba nyingi nilizoingia, ukaguzi ulikuwa wa kuangalia tu mahali pa kupigilia kompteri.

Mwana wa Goma, Brussels
Habari za nyumbani. Hapa nimehama kampuni mara mbili, na wala hakuna fundi aliyekuja. Brussels soko la majumbani lilifunguliwa mwaka 2007. Nyaya na kompteri ni za msimamizi wa mtandao wa umeme, nazo hubaki palepale, kinachobadilika ni yule anayekuuzia. Nilijaza fomu kwa kampuni mpya, yenyewe ikaiarifu ya zamani, nikatuma namba zilizosomeka kwenye kompteri, kisha nikapokea ankara ya kufungia hesabu. Tangu mwaka 2012 mteja wa nyumbani Ubelgiji anaweza kuvunja mkataba wakati wowote bila faini, kwa taarifa ya mwezi mmoja. Ukidhulumiwa, kuna msuluhishi wa shirikisho wa mambo ya nishati, na malalamiko kwake hayalipiwi.

Mwalimu wa Himbi
Asante, kaka, umenifungua macho. Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Huko nyaya hutumiwa na kampuni zote, kwa hiyo kuhama ni karatasi. Hapa kila kampuni ina nguzo zake, nyaya zake na kompteri yake, kwa hiyo kuhama ni ujenzi, na gharama yake yote inamwangukia anayehama. Kanuni za Brussels hatuwezi kuzichukua kama zilivyo. Lakini ile ankara ya kufungia hesabu haihitaji mtandao wa pamoja. Inahitaji kalamu tu.

Mama wa Majengo
Mimi nitasema kwa ufupi. Alikuja mtu mwenye fulana ya kampuni na daftari, akaandikisha nyumba sita za avenyu yetu na kupokea malipo ya awali mkononi. Hatukumwona tena, na ofisini hawakumjua. Siku hizi silipi isipokuwa kwenye dirisha la ofisi, au kwa simu pale jina la kampuni linapotokea kabla sijathibitisha.

Mzee wa Kyeshero
Mwalimu, bila kukukosea heshima, umeilaumu kampuni kwa kosa lako. Uliingia kwa mkataba, ukatoka kimyakimya. Mimi niliandika barua, nikapiga nakala, nikadai muhuri wa mapokezi, na sijadaiwa hata faranga moja.

Mwalimu wa Himbi
Papa, kosa la barua nalikubali. Lakini kumtoza mtu miezi 14 ya huduma asiyoipata, huku wakijua waya umekatika, hilo silikubali. Sheria hiyohiyo ya 2014 ndiyo iliyotuletea mdhibiti wa sekta ya umeme, ARE, na kusikiliza migogoro kati ya watumiaji na kampuni ni sehemu ya kazi yake. Tatizo ni kwamba makao yake yako Kinshasa, na mtu wa Himbi hapandi ndege kwa ajili ya ankara.

Hata hivyo nimefuata ushauri wako. Leo asubuhi nimepeleka barua ya kukatisha mkataba pamoja na picha ya waya uliokatika. Karani aliisoma mara mbili, akasema hajawahi kupokea barua ya namna hiyo na hana muhuri wake. Nilibaki nimesimama dirishani. Mwishowe aligeuza nakala yangu, akaandika nyuma yake kwa mkono "imepokelewa", tarehe, saa, na sahihi. Deni lenyewe bado hawajalifuta.