Siku kati ya mtihani wa mwisho na kufunga shule: tuzitumieje bila kumwacha mwanafunzi yeyote nje?

Mwalimu wa Michezo, Mbagala

Ndugu walimu, wazazi na wanafunzi, habari za kazi.

Ninafundisha katika shule ya sekondari ya kutwa huku Mbagala, Dar es Salaam, na mwaka huu nimekabidhiwa michezo na utamaduni. Ninaomba ushauri kuhusu zile siku chache zinazobaki kati ya mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza na siku ya kufunga shule mwanzoni mwa Juni. Mtihani ukiisha, sisi walimu tunazama katika kusahihisha, mwalimu wa taaluma anadai alama, walimu wa madarasa wanajaza ripoti, na wanafunzi wanabaki hawana la kufanya. Siku ya kwanza wanafyeka nyasi na kudeki madarasa, ya pili wanajikusanya chini ya miti, na kufikia ya tatu madarasa mengi ni matupu huku wazazi wakiamini kwamba watoto wao wako shuleni.

Utaratibu wetu wa miaka yote umekuwa tamasha moja siku ya kufunga: maturubai, spika za kukodi, mgeni rasmi, soda na mchango kwa kila mwanafunzi. Mara ya mwisho niliona wasichana wa kidato cha kwanza wamesimama nje ya kamba ya turubai, sare zao zimepigwa pasi, wakiwatazama wenzao wakigawiwa soda, kwa sababu majina yao hayakuwemo katika orodha ya waliolipa. Mmoja wao ndiye aliyeifundisha kwaya ya darasa lake, na kwaya ilipoitwa aliruhusiwa kuingia, akaimba, kisha akatolewa tena. Sitaki jambo hilo lijirudie nikiwa nasimamia mimi.

Hatuna ukumbi. Tuna uwanja mmoja wa vumbi, kiwanja cha netiboli na miti michache yenye kivuli. Wanafunzi wengi wanatoka Kongowe, Chamazi na Mbande, kwa hiyo hatuwezi kuwachelewesha hadi jioni, wakati ambapo daladala hukwepa kupakia wenye sare. Isitoshe, kipindi hicho ndicho cha UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na wachezaji wetu wazuri huwa kambini. Nifanye nini chenye maana kwa shule nzima?

Mkuu wa Shule Mstaafu, Ukonga

Mwalimu, anza kwa kumwondoa mgeni rasmi. Nimeongoza shule za kutwa na za bweni katika mkoa huu hadi nilipostaafu, na gharama nyingi unazozitaja zinaletwa na mtu huyo mmoja: turubai ni lake, spika ni zake, meza yenye kitambaa na maji ya chupa ni yake, na watoto wanachomwa na jua wakimsubiri kwa sababu amekwama kwenye foleni. Ukimwondoa, shughuli inarudi kwa wenyewe, na sababu ya kuomba mchango inabaki ndogo sana. Kumbuka pia kwamba elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Haiwezekani mzazi asamehewe ada halafu mwanawe afungiwe kamba ya turubai kwa ajili ya soda.

La pili, usigawanye mashindano kwa madarasa. Kidato cha nne watawashinda kidato cha kwanza katika kila kitu, na wadogo watakuwa washangiliaji tu. Gawa shule nzima katika makundi manne au sita yanayochanganya vidato vyote, kila kundi likiwa na kiranja wa kidato cha nne au cha tano na msaidizi wa kidato cha pili. Juni ni mwezi mzuri kwa hilo, kwa kuwa wanaokosekana ni kidato cha sita tu, waliomaliza mtihani wao wa taifa mwezi Mei. Desemba haifai kwa mpango huu: kidato cha nne wameshaondoka, kidato cha pili wamemaliza upimaji wao, na mvua za vuli zinaweza kuugeuza uwanja wako kuwa dimbwi.

Halafu weka kanuni moja ambayo ndiyo roho ya mpango wote: kundi linapata alama kwa idadi ya wanachama wake walioshiriki kabla ya kupata alama za ushindi, na mtu akishacheza mchezo mmoja haruhusiwi kuwakilisha kundi katika mchezo mwingine. Hapo utaona viranja wakimtafuta yule mtoto mkimya wa dawati la nyuma, maana bila yeye kundi linapoteza alama. Kutokuwepo kwa wachezaji walio kambini hakutakuumiza hata kidogo, kwani nafasi yao itachukuliwa na watoto ambao muhula mzima hawakuugusa mpira. Ongeza michezo isiyohitaji vifaa vya kununua: kuvuta kamba, rede, mdako, bao, drafti, mbio za kupokezana vijiti. Asubuhi ichezwe mpira wa miguu na netiboli kabla jua halijawa kali, na kuanzia saa nne watu wahamie kivulini kwa mdahalo, kwaya, igizo na ngonjera.

Ngonjera ninaisisitiza. Marehemu Mathias Mnyampala aliitumia kueneza mawazo ya Azimio la Arusha, na shule zetu ziliipokea kwa sababu inahitaji watu wawili wanaopingana kwa vina na mizani, mbele ya hadhira inayotaka kujua nani atashinda. Watoto watunge wenyewe kuhusu mambo yanayowahusu, kama vile simu shuleni, lugha ya kufundishia, au kijana aliyefeli mtihani na mzazi wake. Mwalimu wa Kiswahili awasaidie katika mizani tu, mawazo awaachie.

Usafi nao uingizwe katika alama, kila kundi likabidhiwe eneo lake.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: wape wanafunzi waandae wao. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shule yao. Tulilichukua jembe tukaliacha shauri. Serikali ya wanafunzi ikipewa ratiba tupu na mipaka iliyo wazi, itakuletea mpango bora kuliko wa kamati ya walimu.

Mama wa Wawili, Chanika

Ninawasalimu wote. Nawashukuru walimu kwa kulifikiria jambo hili, lakini ninaomba mtusikilize na sisi tunaobaki nyumbani. Mwanangu anapanda magari mawili kufika shule. Muhula uliopita, katika siku kama hizo mnazozizungumzia, aliondoka nyumbani kila asubuhi na kurudi jioni akiwa amevaa sare safi isiyo na hata doa la wino, nami sikujua kwamba shuleni hapakuwa na kipindi chochote. Nilipouliza, niliambiwa na jirani kwamba watoto wanashinda ufukweni. Hapa Dar es Salaam mtoto mwenye nauli mfukoni na siku nzima isiyo na ratiba anaweza kufika popote.

Kwa hiyo ninaunga mkono kuwa na shughuli, kwa sharti kwamba daftari la mahudhurio liitwe asubuhi na liitwe tena kabla ya kuondoka, na kwamba ratiba tuipate sisi wazazi mapema, kwa karatasi au kwa ujumbe katika kundi la wazazi la darasa. Tuandikiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, nasi tutajua saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Saa saba mchana ingetosha kabisa.

Kuhusu mchango, sisi wazazi hatukatai kuchangia. Tunachokataa ni mtoto kuulizwa mbele ya wenzake. Mimi ninapika chapati za kuuza na ningeweza kuleta ndoo ya maji ya kunywa na chapati kadhaa, mwingine ataleta machungwa, fundi seremala atakuja kurekebisha madawati asubuhi moja. Mtu achangie alicho nacho, na kiingie katika chungu kimoja, pasiwe na orodha ya nani ametoa na nani hakutoa. Ningependa pia siku ya kuchukua ripoti iwe ndani ya siku hizo hizo, ili nikija kuzungumza na mwalimu wa darasa nimkute mwanangu akifanya kitu, nimwone anavyoishi na wenzake. Sijawahi kumwona mwanangu akizungumza mbele ya watu.

Dada Mkuu wa Zamani, Tandale

Shikamooni walimu wangu, shikamoo mama.

Nimemaliza kidato cha sita katika shule ya serikali hapa mjini, ambako nilikuwa dada mkuu, na ninakubaliana na Mkuu Mstaafu karibu katika kila jambo isipokuwa usafi. Kwa heshima zote, ninaomba usafi usiwekwe katika mashindano. Mwanafunzi wa Tanzania anajua fagio la chelewa na kidumu cha maji tangu darasa la kwanza, na anaijua kazi ya kufyeka kama adhabu ya kuchelewa. Ukiipa alama katika wiki ya furaha, viranja watawasukuma kidato cha kwanza washike kwanja huku wao wakisimamia, kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Usafi ufanywe na wote kwa pamoja, walimu wakiwemo, saa moja ya mwanzo, kisha uishe.

Shughuli iliyotufaa zaidi sisi haikuwa ya uwanjani. Tulipanga madawati chini ya mkorosho na kuyaita meza za masomo. Kila meza ilikuwa na wanafunzi wawili wa kidato cha tano wa tahasusi moja, yaani mchanganyiko mmoja wa masomo, na kidato cha pili na cha tatu walizunguka wakiuliza wanachotaka. Waliuliza kama mtu asiyeiweza hisabati anaweza kusoma biolojia na kemia, na kama ni kweli kwamba wanaosoma historia hawapati kazi. Maswali hayo hawakuwahi kuwauliza walimu. Pembeni palikuwa na meza ya kubadilishana vitabu, madaftari ya zamani na sare zilizobana. Ninakumbuka daftari moja la fizikia lililojaa michoro ya saketi iliyochorwa kwa rula na penseli, lililogombewa na wavulana watatu hadi wakakubaliana kulinakili kwa zamu wakati wa likizo. Hatukutumia shilingi hata moja, na watu walikuja hata siku iliyofuata.

Kuhusu kuwaachia wanafunzi waandae, ninaomba walimu wawe na imani. Mtandao wa vijana wa Roots & Shoots, ambao leo uko katika nchi nyingi, ulianzia hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1991, pale wanafunzi 12 wa sekondari walipokutana na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, wakiwa na wasiwasi juu ya mambo waliyoyaona katika mazingira yao. Alichofanya ni kuwasikiliza na kuwaambia wakakusanye wenzao. Klabu za shule, ziwe za Malihai (za uhifadhi wa mazingira na wanyamapori), za skauti au za mdahalo, mara nyingi hufa kwa sababu mlezi anakuja na ajenda yake na muhtasari wake, na mwanafunzi anabaki kujaza mahudhurio.

Mwalimu wa Michezo, Mbagala

Mkuu, shikamoo. Dada, marahaba, na mama nakushukuru sana.

Nimezungumza na mkuu wangu wa shule na amekubali tujaribu bila mgeni rasmi na bila mchango wa fedha. Nitaitisha kikao cha serikali ya wanafunzi mara tu baada ya mapumziko ya katikati ya muhula, niwakabidhi ratiba tupu yenye mipaka mitatu: kila siku tunaanza saa mbili kamili, tunamaliza saa saba, na hakuna shughuli inayomtaka mwanafunzi kulipa. Usafi tutaufanya sote, kama Dada alivyoshauri, na mwalimu wa zamu atashika fagio pia. Mahudhurio yataitwa mara mbili. Meza za masomo nimezipenda mno, na kwa kuwa shule yetu haina kidato cha tano, nitawaomba waliomaliza kwetu miaka ya nyuma waje.

Bado nina shida moja. Walimu wenzangu wanasema hawawezi kusimamia na kusahihisha kwa wakati mmoja, nami siwezi kuwalaumu, kwani mwalimu mmoja ana karatasi za mikondo minne.

Mkuu wa Shule Mstaafu, Ukonga

Marahaba, mwalimu. Hoja ya wenzako ni ya haki, na ukiipuuza mpango utakufa siku ya pili. Gawa usimamizi kwa zamu fupi, kila mwalimu asimamie asubuhi moja tu na zilizobaki ziwe zake za kusahihisha, na mwombe mwalimu wa taaluma asogeze mbele kidogo siku ya mwisho ya kuwasilisha alama. Somo lenye wanafunzi wengi lifanyiwe mtihani mwanzoni mwa ratiba, ili karatasi zake zianze kusahihishwa wakati masomo mengine yanaendelea. Hilo lizungumze naye sasa, kabla ratiba ya mtihani haijabandikwa ukutani, maana ikishabandikwa hataigusa tena.

Na huyo Dada amenishawishi kuhusu usafi.