Mafundi wa steshenari, acheni kufomati flashi za watu! Mafaili hayajafutika, YAMEFICHWA

Wakuu, salamu baadaye, leo nina hasira.

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho chuo. Kaenda steshenari moja nje ya geti kuprinti ripoti yake ya fildi. Flashi ikachomekwa kwenye ile mashine inayochomekwa flashi za mtaa mzima, folda zote zikageuka shotikati (njia za mkato). Jamaa akamwambia, "Hii imeliwa na virusi, data zimeshaenda, nikufomatie?" Mtoto wa watu hajui, kakubali. Kalipa elfu tano ili afutiwe kazi yake mwenyewe, na juu yake kawekewa antivairasi na muvi za ofa. Hizo muvi ndizo zilizomaliza kila kitu, nitafika huko.

Tuelewane. Virusi vya shotikati kwa kawaida havifuti mafaili yako. Bofya kulia kwenye flashi, fungua Properties. Flashi ya GB 16 inakwambia GB 9 zimetumika, ukiingia ndani unakuta vishotikati vya KB 2. Hizo GB 9 zimejaa hewa? Kila folda imebandikwa alama mbili tu: H, yaani imefichwa, na S, yaani ni mali ya mfumo. Hiyo S ndiyo yenye ujanja. Windows ikiziona H na S pamoja haikuonyeshi kitu hata ukiweka tiki kwenye Hidden items. Ukienda Properties za folda utoe tiki ya Hidden, kisanduku kimefifia, hakibonyezeki. Fundi wetu akifika hapo, maarifa yanaisha, mkono unakimbilia Format.

Dawa ni mstari mmoja. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri), angalia flashi imepewa herufi gani (tuseme E), andika:

attrib -s -h -r /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri, flashi kubwa inachukua muda. Hizo tatu za mwanzo zinabandua alama (r ni ile ya "soma tu"), /s inaingia mpaka folda za ndani, /d inazigusa folda zenyewe. Usiandike -h peke yake! CMD itakujibu "Not resetting system file" na haitagusa kitu. Nimemwona kwa macho yangu mtu anayejiita fundi akipata jibu hilo, akamgeukia mteja: "Unaona, imegoma." Haijagoma kaka, hujaiambia itoe S.

Kuna ukoo mwingine wa virusi, Gamarue, huo unazoa kila kitu na kukitia kwenye folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu. Mtandao uliokuwa ukiuendesha ulizimwa na FBI, Europol na wenzao mwishoni mwa 2017, lakini flashi za zamani hazisomi habari. Ukipiga attrib ukaona folda isiyo na jina imejitokeza, usiifute! Vitu vyako vimo humo.

Sasa kwa wale wanaosema "nilipiga hiyo attrib, baada ya dakika mbili vikajificha tena". Ni lazima, kwa sababu aliyevificha bado yuko ndani ya kompyuta. Bofya kulia moja ya zile shotikati, fungua Properties, soma mstari wa Target. Utakuta kitu kama cmd.exe /c start fulani.vbs & start explorer Ripoti. Yaani ukibofya, inaamsha kirusi (hiyo faili ya .vbs) kwanza, kisha inakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Kwa hiyo anza na mashine, flashi baadaye. Kwenye CMD zima wscript.exe, programu ya Windows inayoendesha hizo .vbs:

taskkill /f /im wscript.exe

Halafu Win+R, andika shell:startup, ufute hiyo .vbs usiyoijua. Pitia na Task Manager upande wa Startup (vinavyojiwasha na mashine), na folda ya %appdata% (iandike kwenye Win+R). Ndipo upige attrib, ufute shotikati na ile .vbs iliyo kwenye flashi. Ukiruka hatua hii utapiga attrib mpaka vidole viote sugu.

Na Microsoft nao siwaachi. Februari 2011 walisambaza marekebisho ya kuzima AutoRun ya flashi (programu kujiendesha yenyewe ukichomeka) kwenye XP na Vista, vizuri. Wenye virusi wakahamia kwenye kidole cha mtumiaji: mpe shotikati yenye sura ya folda, atabofya mwenyewe. Na Windows inawasaidia, kwa kuwa imeficha mafaili ya mfumo na viishio vya majina tangu unapoiwasha mara ya kwanza. Kiishio cha .lnk, yaani cha shotikati, ndicho kichekesho kabisa: hata ukiamuru vyote vionekane, chenyewe hakionekani!

Ukitaka mashine yako ionyeshe vilivyofichwa moja kwa moja, hata ukizima na kuwasha, ingiza hizi kwenye CMD, kila moja kwa mstari wake:

reg add HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced /v Hidden /t REG_DWORD /d 1 /f

Rudia amri hiyohiyo, pale penye Hidden weka ShowSuperHidden, thamani ibaki 1. Rudia tena na HideFileExt, hapo thamani iwe 0. Toka kwenye akaunti, uingie tena. Utaanza kuona desktop.ini kila kona, usiguse, ni vya Windows kweli.

Watakuja wa Linux kuniambia "hamia Ubuntu". Sawa, ukichomeka flashi hiyo Ubuntu mafaili yote unayaona peupe, alama za H na S haizijali. Lakini mpwa wangu alikuwa steshenari, foleni imemkalia nyuma, siku ya mwisho ya kukusanya. Achague mfumo saa ngapi?

Kama wewe umefomatiwa leo: format ya haraka inafuta orodha ya mafaili, yaliyomo yanabaki mpaka yaandikiwe juu. Chomoa flashi, usikopi HATA wimbo, ichomeke kwenye mashine safi uendeshe PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, ni ya bure. Yaliyookolewa yahifadhi kwenye diski ya kompyuta, si kwenye flashi ileile. Majina yatapotea, utafungua moja moja. Ya mpwa wangu tulikuta nusu ya picha zake za fildi. Ripoti yenyewe, muvi zimekaa juu yake.

Na wewe mwenye duka kama unasoma hapa, elfu tano yake irudishe.