Watoto wanajua pasi wakiwa kwa laini, mechi ikianza wote wanafuata mpira. Nifanyeje?

ticha_kayole
Habari zenu waalimu na makocha. Nafundisha gredi 5 huku Kayole, darasa kubwa, uwanja wa vumbi, mipira michache. Tukipanga laini wapige pasi ama wapite katikati ya chupa wako sawa kabisa, alafu nikisema haya tucheze mechi wote wanauandama mpira kama nyuki, hakuna anayeinua kichwa wala kujitenga aombe pasi. Niongeze mazoezi ya pasi ama shida iko kwingine?

kocha_mtaani
Shida si pasi ticha. Kwa laini mtoto ameshaambiwa ampe nani na saa ngapi, hakuna anayemkaba, sasa kuamua atajifunzia wapi? Bunker na Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliliandika hili 1982: anza na mchezo wenyewe, uupunguze ulingane na watoto, ufundi ufuate mtoto akishaona anauhitaji. Jaribu wanne kwa wanne, kila timu ilinde magoli mawili madogo kwa kona, kipa hakuna. Wakijazana upande mmoja goli la pili linabaki wazi na lazima kuna mtoto ataliona. Hapo piga firimbi, kila mtu asimame alipo, uliza "nafasi iko wapi?" alafu nyamaza. Tafadhali usiwajibie, hata wakichukua muda.

mzee_wa_benchi
Kwa heshima kocha, mtoto hawezi kutuliza mpira, macho yako kwa miguu, hiyo nafasi ataionaje? Ufundi kwanza.

kocha_mtaani
Ufundi hatuutupi mzee wangu. Ukiona pasi zinapotea juu hawajui kutuliza, simamisha mchezo, watulize mpira dakika tano hivi, warudi kucheza. Saa hiyo anajua hiyo zoezi ni ya nini.

netiboli_daima
Mimi ningeanzia na mikono. Gredi 5 wengi wanadaka vizuri kwa hivyo macho yako juu tayari. Ukishika mpira hutembei, wenzako lazima wajitenge ndo upate wa kumpa, na huko kujitenga ni kule kule kwa netiboli, mpira wa kikapu, soka, baadaye unashusha mpira chini na sheria zinabaki zile zile. Hawa watoto wakicheza kati, ule mchezo wa kuhepa mpira unaorushwa, mbona wanamsoma anayerusha na kumhepa vizuri na hakuna mtu aliwafundisha? Akili iko. Mipira isipotosha wafunge ya nguo na kamba, ile ya juala, mifuko ya plastiki, ni ngumu kupata tangu zipigwe marufuku 2017. Na walio nje wasikae bure, kila mmoja apewe mchezaji wa kuangalia, ahesabu amejitenga mara ngapi, wakibadilishana amwambie.

ticha_kayole
Asanteni sana, dada hiyo ya walio nje imenisaidia mno. Kipindi ni dakika 35, nitachora viwanja vidogo na majivu mapema. Lakini kuna mmoja anajua sana, akipata mpira hampi mtu hadi afunge. Nimwekee sheria yake?

kocha_mtaani
Yake peke yake hapana, ataona anaadhibiwa kwa kujua. Weka ya wote: bao halihesabiwi kama mfungaji hakupewa pasi na mwenzake. Chenga zake usimnyang'anye, muulize tu akishavuta mabeki wawili ni nani amebaki bila mtu.