Kampuni zizuiwe kuchangia siasa, au zitaje tu fedha inakotoka?

Mleta mada: Tuchukue Ohio, jimbo la Marekani. Sheria ya jimbo inazuia kampuni kumpa mgombea fedha. Hata hivyo takriban dola milioni 60 za FirstEnergy, kampuni ya umeme, na washirika wake zilipita kwenye Generation Now, taasisi iliyokuwa mkononi mwa Larry Householder, Spika wa baraza la chini. Mwaka 2019 ukapita muswada wa kuokoa mitambo miwili ya nyuklia, bili wakalipa wateja. Householder alifungwa miaka 20 mwaka 2023. Taasisi yenyewe ilikuwa ya 501(c)(4), kifungu cha kodi kisichoidai itaje wafadhili hadharani. Katazo lilizuia nini hapo?

Jibu la 1: Mkuu, katazo lilishakatwa miguu. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2010, kesi ya Citizens United, iliruhusu kampuni kutumia kiasi chochote kwenye kampeni, mradi isipange na mgombea. Jimbo la Montana walikuwa na katazo lao tangu 1912, enzi za matajiri wa shaba. Mahakama hiyohiyo ikalifuta 2012 kwa kura 5 kwa 4.

Jibu la 2: Lakini katika hukumu ya Citizens United majaji 8 kati ya 9 walikubali sheria idai wafadhili watajwe. Jimbo la Arizona wakapitia mlango huo kwa kura ya wananchi ya 2022. Anayetumia zaidi ya dola 50,000 kwenye kampeni ya jimbo zima (25,000 kwa nyingine) lazima ataje chanzo cha asili cha michango inayozidi 5,000: yule aliyechuma fedha ile, si taasisi iliyoipitisha. Kwanza mfadhili anajulishwa, ana siku 21 za kukataa fedha yake isitumike kwenye kampeni. Barua ya kumjulisha ikichelewa, fedha inalala na uchaguzi unapita. Ukificha, faini haipungui kiasi ulichoficha na yaweza kufika mara tatu yake.

Jibu la 3: Msisahau Alabama. Jimbo hilo lilidai orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, Mahakama ya Juu ikakataa mwaka 1958 kwa sababu wanachama wangeandamwa. Halafu kampuni tanzu kumi zikitoa 4,900 kila moja, nani anatajwa?

Jibu la 2: Kugawa fedha ili kukwepa kumekatazwa pia, ila lazima uthibitishe nia. Hapo ndipo pagumu. Msimamizi ni tume ya wajumbe 5, na tanzu zikisajiliwa jimbo la Delaware, hati ya usajili haihitaji jina la mmiliki.