Valvu za hedi za Volkswagen 1600: tubaki na 35.5, au twende 39 au 40?

MgongoWaChura: Wakuu, habari za leo. Nina Volkswagen ya mgongo wa chura (Beetle), injini ya 1600, ambayo hedi zake, yaani vichwa vya injini vinavyofunika silinda, zimechoka: valvu za kutolea moshi zimezama kwenye siti (pete ambazo valvu hukalia zikifunga), na gaidi (vibomba vinavyoongoza shina la valvu) zimelegea kiasi kwamba ukilishika shina la valvu linacheza mkononi. Kwa kuwa kazi ya kuchonga haikwepeki, ninajiuliza kama nirudishe valvu za kiwandani, yaani zenye kipenyo cha milimita 35.5 ya kuingiza hewa na 32 ya kutolea, au nipande hadi 39 kwa 32, au nichukue kabisa 40 kwa 35.5. Gari ni la kwenda kazini, na mara moja kwa mwezi hutoka Morogoro kwenda Dodoma. Kabureta ni 34 PICT-3 na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, haijawahi kuguswa.

FundiHedi: Mkuu, tuanze na kabureta, kwa sababu hewa inaanzia huko. Koo la 34 PICT-3, yaani sehemu yake nyembamba inayopitisha hewa, lina kipenyo cha milimita 26, na koo hilo moja ndilo linalolisha silinda zote nne. Eneo lake ni kama milimita za mraba 530, ilhali valvu moja ya 35.5 tayari ina karibu 990. Ukiweka ya 40 utafika 1,257, ongezeko la asilimia 27, lakini hewa itakayoifikia ni ile ile iliyokwisha kubanwa kwenye 26.

Tena hiyo asilimia 27 huipati yote. Valvu inapofunguka, hewa hupita kwenye mwanya unaouzunguka ukingo wake, na ukubwa wa mwanya huo ni mzingo wa valvu mara kimo ilichoinuka. Hali hiyo huendelea mpaka valvu iinuke robo ya kipenyo chake, ambayo kwa valvu ya 40 ni milimita 10, na kamshafti ya kiwandani haifiki hata 9. Faida inayobaki ni ya mzingo tu, asilimia 13 hivi, nayo ingehitaji kabureta na ekzosi vinavyoweza kuipokea. Kwa gari lako ningerudisha 35.5 kwa 32 bila kusita.

Kibaha1600: Naunga mkono, kwa uchungu. Mimi nilichongewa hedi zangu za zamani zikawekwa 40 kwa 35.5, huku silinda zikibaki zile zile za milimita 85.5. Jumlisheni: valvu mbili za kiwandani zinachukua 67.5, hivyo zinabaki milimita 18 za kugawana kati ya valvu na kando zake. Hizo kubwa zinachukua 75.5, zinabaki 10. Ule ukuta mwembamba wa aluminiamu kati ya siti mbili ndio unaopokea joto kali la moshi. Baada ya miezi michache injini ikaanza kukosa nguvu kwenye mlima. Tulipofungua, tulipaka mafuta ya taa, tukafuta, tukapaka chaki. Mstari wenye unyevu, yaani ufa, ukajichora kutoka siti ya kutolea hadi kwenye tundu la plagi. Hedi hiyo haikufaa tena.

BrazaVW_Mombasa: Pole sana, ndugu. Hata hivyo 39 isihukumiwe pamoja na 40. Valvu ya kutolea inabaki 32, na ukuta unabaki mnene kiasi. Mimi natumia hedi zenye alama 041, ambazo zimetoka kiwandani na 39 kwa 32; nimezifungia kabureta mbili na kamshafti inayoinua valvu juu zaidi, na injini inavuta vizuri kuanzia mizunguko 3,000 kwa dakika. Chini ya hapo, kusema kweli, sioni tofauti. Na 40 nayo ina mahali pake: kwenye silinda za 90.5 au 94, ambako nafasi ipo.

MzeeWaGereji: Vijana wangu, mwaka 1962 mshindi wa Safari Rally alikuwa Volkswagen ya 1200, injini ndogo kuliko hizi mnazozizungumzia, katika barabara za wakati ule. Iliyoibeba ni uimara. MgongoWaChura, fedha ambayo ungenunulia valvu kubwa itie kwenye gaidi mpya na siti zilizochongwa kwa usahihi: nyuzi 45, upana wa milimita 1.3 hadi 1.6 upande wa kuingiza na 1.7 hadi 2.0 upande wa kutolea. Huo upana wa kutolea usipunguzwe, kwa kuwa valvu inapokaa kwenye siti ndipo inapopoza kichwa chake. Badilisha valvu zote nne za kutolea, hata zinazoonekana nzima, kwani kichwa kikikatika kinatoboa pistoni. Kisha weka mwanya wa valvu, kati ya roka na ncha ya shina, wa milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, ya usiku kucha.

MgongoWaChura: Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimeamua 35.5 kwa 32. Je, fundi akishamaliza kusaga, nitajuaje kabla ya kufunga kwamba valvu zinaziba?

MzeeWaGereji: Marahaba. Ilaze hedi njia za hewa zikitazama juu, valvu na springi zikiwa zimefungwa, umimine petroli kwenye kila njia na usubiri dakika tano. Ukiona upande wa chumba cha moto umelowa kuzunguka valvu, irudishe ikasagwe upya.