Mkataba ukivunjwa kisiasa, bili alipe nani? Kisa cha Bob Chiarelli wa Ottawa

Wakuu, leo naomba tutoke kidogo kwenye siasa za nyumbani. Kuna mzee mmoja wa Canada, Bob Chiarelli, mwanasheria, ambaye maisha yake ya siasa amekuwa akipanda jimboni na kushuka jijini. Aliingia bunge la jimbo la Ontario mwaka 1987 kwa tiketi ya chama cha Liberal, akatoka 1997 kuongoza mkoa wa Ottawa-Carleton. Serikali ya jimbo ilipounganisha manispaa za eneo lile kuwa jiji moja mwaka 2001, meya wa kwanza akawa yeye.

Mwaka huohuo treni ya majaribio aliyoipigania ikaanza kazi kwenye reli ya zamani ya mizigo: kilomita 8, vituo 5, dola milioni 21. Reli yenyewe ilikuwa moja, kwa hiyo treni inayokwenda ilikaa pale kituo cha Chuo Kikuu cha Carleton kungoja inayorudi ipite kwanza. Kitu cha bei nafuu na kilifanya kazi.

Akataka kikubwa zaidi. 2006 jiji likasaini mkataba na Siemens na washirika wake, kama dola milioni 780, reli ya umeme ya kaskazini-kusini. Novemba uchaguzi, Chiarelli akashika nafasi ya tatu kwa asilimia 15 hivi. Desemba, baraza jipya chini ya meya mpya, Larry O'Brien, likaufuta mkataba. Kampuni zikashtaki, na 2009 jiji likakubali kulipa dola milioni 36.7 kumaliza kesi. Hizo ni za kutojenga, jamani. Hata taruma moja halikulazwa.

Sasa utamu uko hapa. 2010 mzee akarudi bunge la jimbo, na 2013 akapewa Wizara ya Nishati. Akaikuta kashfa ya mitambo miwili ya umeme wa gesi, Oakville na Mississauga, iliyofutwa na serikali ya chama chake baada ya wakazi kuikataa. Ule wa Mississauga ulifutwa katikati ya kampeni za 2011. Gharama, karibu dola bilioni moja. Waziri wetu akasema ukimgawia kila mteja haifiki kikombe cha kahawa kwa mwaka! Mtu yuleyule aliyeona treni yake ikiuawa kwa kura.

Msimamo wangu: baraza jipya lina haki ya kubadili mawazo, ila bei ya kuvunja mkataba itangazwe kabla ya kupiga kura, siyo baada ya kesi. Karibuni.

*Jibu:* Mkuu, unamwonea. Mitambo haikufutwa na yeye, alikuta maji yameshamwagika. Ulitaka alie bungeni?

*Jibu:* Mimi naona kosa ni la kwake tangu 2006. Unasainije mradi mkubwa namna ile miezi michache kabla ya uchaguzi? Huko ni kuwafunga mikono wanaokuja. Waliochaguliwa waliahidi kuupitia upya, wakafanya walichotumwa.

*Mleta mada:* Wa kwanza, kulia sikumtaka alie, nilitaka asiipunguze bilioni hadi ikawa kahawa. Wa pili, hapo umenibana, nakubali. Kipindi cha mwisho kabla ya uchaguzi kingekuwa na marufuku ya kusaini mikataba ya aina hiyo. Lakini usisahau, fedha za serikali kuu ya Canada, dola milioni 200, nazo zilizuiwa na waziri John Baird mwezi mmoja kabla ya kura. Kwa hiyo mikono ilifungwa pande zote.

*Jibu:* Na huyo mzee yuko wapi siku hizi?

*Mleta mada:* Ubunge aliupoteza 2018. 2022, akiwa na miaka 81, akagombea tena umeya, akaambulia kama asilimia 5. Njia ya treni ileile ya 2001 imerefushwa kuelekea kusini, ikafunguliwa upya Januari 2025.