Matofali ya Uingereza yenye majina: kwa nini chapa ipigwe mahali ambapo haionekani?

mwashi_kijana:
Wakuu habari zenu. Niko huku Uingereza kwenye kazi za ubomoaji, tumeangusha ukuta wa ghala la zamani na kila tofali linalotoka lina maandishi ndani ya kile kishimo cha juu, mengi yameandikwa LBC PHORPRES, halafu pale palipokuwa na tanuru kuna mengine ya rangi ya njano yameandikwa COWEN. Sasa najiuliza, kile kishimo si ndo kinajazwa mota halafu tofali lingine linakaa juu yake, nani atasoma? Mwenzangu mmoja anasema ulikuwa muhuri wa serikali kuonyesha limelipiwa kodi. Ni kweli? Na yanaweza kunambia jengo ni la lini?

mdau_wa_kale:
Hapana kaka, japo kodi yenyewe ilikuwepo kweli. Ilianza 1784 enzi za Mfalme George wa Tatu, serikali inatafuta hela ya kulipia vita vya Marekani, ikatoza shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali 1,000. Lakini ofisa wa ushuru alikuwa anahesabu matofali mabichi yakiwa bado yanakauka, kabla hayajaingia tanurini, kwa hiyo muhuri wa nini? Watu nao wakatafuta upenyo, Joseph Wilkes kule Measham, Leicestershire akaanza kufyatua matofali makubwa kupita kiasi ili idadi ipungue, mpaka mwaka 1803 serikali ikaongeza kodi mara mbili kwa yale makubwa. Kodi ikafutwa 1850, na majina kwenye matofali yameshamiri baada ya hapo.

Anayesoma ni mjenzi mwenyewe. Zamani tofali lilifyatuliwa jirani na jengo, udongo wa palepale, mfyatuaji kila mtu anamjua, sasa jina la kazi gani. Reli zilipoenea na mashine za mvuke zikaingia, tofali linatoka Peterborough linaenda kujenga London, linashushwa saiti moja na ya viwanda vingine, hapo jina ndo tangazo lenyewe, fundi analiona kila anapoliokota kabla hajaweka mota. Likipasuka pia anajua pa kwenda kulalamika.

dada_wa_udongo:
Naongezea kwa mdau hapo juu, mimi haya mambo nayapenda sana jamani. PHORPRES ni ya London Brick Company, walikuwa wanatangaza kwamba tofali lao limekandamizwa na mashine mara nne. Siri ya utajiri wao ilikuwa udongo. Kwenye miaka ya 1880 pale Fletton, karibu na Peterborough, walichimba chini wakakuta udongo mgumu wenye mabaki ya viumbe vya kale ndani yake, ukishashika moto tofali linajiunguza lenyewe, makaa ya mawe yanatumika kidogo mno. Bei ikashuka, viwanda vingi vidogo vikashindwa kabisa kushindana. Kiwanda chao cha Stewartby, Bedfordshire, kwenye miaka ya 1930 kilikuwa kinatoa kama matofali milioni 500 kwa mwaka, na baada ya Vita ya Pili walileta vijana kutoka Italia kuja kufanya kazi, ndo maana Bedford ina Waitaliano wengi mpaka leo. Kimefungwa 2008.

COWEN ni habari nyingine kabisa. Hayo ni ya kuhimili moto, ya Joseph Cowen wa Blaydon Burn karibu na Newcastle, udongo wake unachimbwa chini ya tabaka za makaa ya mawe. Meli zilikuwa zinayabeba mbali sana, yameokotwa hadi California.

Fanya hivi: lisugue kwa brashi kavu kishimoni, halafu liinamishe mwanga wa tochi uje kwa ubavu. Kwenye matofali mengi ya mashine utaona viduara viwili, ndani ya kiduara kuna kamstari, hizo ni alama za vichwa vya skrubu zilizoshikilia bamba la jina kwenye kalibu. Nikiona kamstari kale huwa nafurahi kweli, maana kuna mtu alishika bisibisi akakaza pale zaidi ya miaka mia iliyopita!

mwashi_kijana:
Daah asanteni sana, viduara nimeviona kwenye moja. Sasa umri wa ghala je?

mdau_wa_kale:
Tofali la Fletton, kama hilo la PHORPRES, likiwemo ndani ya ukuta, ukuta huo haujatangulia miaka ya 1880. Ukikuta NCB (National Coal Board, shirika la serikali la makaa ya mawe) ujue ni kuanzia 1947, migodi ya makaa ya mawe ilipotaifishwa, maana migodi nayo ilikuwa inafyatua matofali. Ila COWEN usiyategemee kupata umri, matofali ya tanuru yalikuwa yanang'olewa na kutumika tena sehemu nyingine. Angalia ya msingi kabla greda halijafika, na kabla hujaokota lolote muulize msimamizi, yanauzwa hayo.